Uphaar (1971): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu ya Biharusi Mtundu wa Kijijini

Majibu haya yanataja mwisho wa filamu. Asiyependa kujua kinachotokea aitazame kwanza, kisha arudi.

Uphaar inasimulia nini?

Uphaar ni filamu ya Kihindi kutoka India. Anoop ni kijana anayesomea sheria Calcutta. Anarudi kijijini kwa mama yake mjane, na mama ameshamtafutia mchumba: binti mpole, mwenye adabu, wa nyumba inayoheshimika. Anoop anapelekwa kumwona, kama desturi inavyotaka. Lakini macho yake yameshamwona mwingine. Huyo ni Minoo, binti wa pale pale kijijini, anayeshinda akikimbizana na watoto, anayepanda miti, asiyejua jiko wala sindano, na ambaye wazee wakimtaja hutikisa kichwa. Anoop anashikilia kuwa ni yeye au hakuna. Mama anakubali kwa shingo upande.

Ndoa inafungwa na Minoo haelewi kilichomfika. Nyumba ya mume kwake ni kifungo. Hajui kwa nini jana alikuwa huru na leo anaambiwa ajifunike, ainamishe macho, anyamaze. Mambo yanaharibika, mama mkwe anakasirika, na Anoop anatakiwa kurudi Calcutta kwenye masomo. Anamwacha Minoo kwa wazazi wake, na anamwambia jambo moja: hatarudi mpaka Minoo mwenyewe amwandikie barua ya kumwita.

Kwao, Minoo anagundua kuwa michezo ya zamani haina ladha tena. Anaandika barua, lakini hajui kuweka anwani, na barua haifiki. Mwishowe ni mama mkwe yule yule anayemchukua safari hadi Calcutta, kwenye nyumba ya dada yake Anoop, na huko wawili hao wanakutana kama mke na mume kwa mara ya kwanza.

Hadithi hii ilitoka wapi?

Ilitoka kwa Rabindranath Tagore, mwandishi mashuhuri wa Bengal, katika hadithi fupi iitwayo Samapti, aliyoiandika kwa Kibengali mwaka 1893. Miaka hiyo Tagore alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na baba yake alikuwa amempa kazi ya kusimamia mashamba ya familia huko Shilaidaha, Shahzadpur na Patisar, sehemu ambazo leo ziko Bangladesh. Alizoea kukaa kwenye mashua ya familia, akipita mto Padma na vijito vyake, akiangalia maisha ya watu kwenye madiko. Hadithi zake nyingi bora zilizaliwa hapo, na ndiyo sababu mto haukosekani ndani yake: watu wanaoga mtoni, wanaagana mtoni, wanaolewa na kupelekwa kwa mashua.

Mwaka 1891, akiwa Shahzadpur, alimwandikia mpwa wake barua kuhusu msichana aliyemwona dikoni. Msichana huyo alikuwa na nywele fupi kama za mvulana, uso wenye akili, na macho yaliyomtazama mgeni bila haya wala woga. Kisha Tagore akaona anapandishwa mashua, na wanawake waliobaki ufukweni wanalia, akatambua kuwa binti yule anapelekwa kwa mumewe. Wasomaji wengi wa Tagore humwona Mrinmayi wa Samapti katika msichana yule. Mrinmayi huyo ndiye Minoo wa filamu.

Hadithi ya Tagore inatofautiana vipi na filamu?

Mifupa ni ile ile. Katika Samapti kijana anaitwa Apurba. Amemaliza mtihani wa shahada Calcutta, anashuka mashua akiwa amevaa nadhifu, anateleza kwenye tope, na kabla hajainuka anasikia kicheko cha msichana. Baadaye, akiwa ameketi kwa heshima kumkagua mchumba aliyechaguliwa na mama yake, Mrinmayi anavamia chumba na kuvuruga mkutano wote. Viatu vya bwana mkubwa navyo vinatoweka mlangoni.

Kuna sehemu moja ya hadithi ningependa kila mtazamaji wa filamu aijue. Baba yake Mrinmayi ni karani wa kampuni ya meli za mtoni, anayeishi peke yake mbali kwenye kibanda cha mabati, akipokea mizigo na kukata tiketi. Alipopata habari za ndoa ya mwanawe aliomba likizo, bosi wake Mzungu akamnyima. Binti akaolewa baba hayupo. Baada ya ndoa, Mrinmayi anataka kitu kimoja tu, kumwona baba yake, na mama mkwe hataki kusikia. Basi usiku Apurba anamtorosha mkewe, wanapanda mashua, wanakwenda kwa yule baba. Wanapika pamoja, wanacheka, wanashinda pale kama watoto watatu. Kwa mara ya kwanza mume amefanya kitu alichokitaka mke, na amekifanya kwa kuvunja amri ya nyumba yake mwenyewe. Ukiisoma sehemu hii ndipo unaelewa mapenzi ya baadaye yalipandwa lini.

Barua nayo imeandikwa kwa namna isiyosahaulika. Mrinmayi hajui barua ya mapenzi inasema nini. Anaandika kuwa huniandikii, u hali gani, rudi nyumbani. Anaona haitoshi, anaongeza habari za watu wa kijijini, na kwamba ng'ombe wetu mweusi amezaa. Kisha anaifunga na kuandika juu ya bahasha jina la mume peke yake.

Kwa nini Minoo anabadilika ghafla? Jana mtoto, leo mke?

Hili ndilo swali ambalo watazamaji wa leo huuliza zaidi, na wengi huliuliza kwa hasira. Wanaona kama filamu inasema msichana mchangamfu ni ugonjwa, na ndoa ni dawa yake.

Mimi naisoma kwa njia nyingine. Angalia ni nani waliojaribu kumbadilisha Minoo na wakashindwa. Mama yake mzazi alijaribu kwa makaripio. Mama mkwe alijaribu kwa kumfungia. Kijiji kilijaribu kwa masengenyo. Hakuna aliyepata chochote isipokuwa mlango uliopigwa mateke. Mabadiliko yanakuja pale tu mume anapoondoka na kumwachia uamuzi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu mzima amemwambia: nitakuja ukitaka wewe. Minoo ambaye hajawahi kuulizwa anataka nini, sasa lazima ajiulize mwenyewe. Kujiuliza huko ndiko kukua kwenyewe.

Tagore analieleza kwa mfano wa mhunzi wa panga. Anasema kuna mafundi waliofua upanga mkali kiasi kwamba mtu akikatwa vipande viwili hajui, mpaka atikiswe ndipo vipande viachane. Muumba, anasema, aliukata utoto wa Mrinmayi na ujana wake kwa upanga wa namna hiyo, na msichana hakuhisi kitu mpaka alipotikiswa. Mtikisiko wenyewe ni kurudi kwao na kukuta chumba ni kile kile, rafiki ni wale wale, ila yeye si yule.

Katika filamu, Jaya Bhaduri anafanya kazi hii bila maneno mengi. Tazama anavyotembea. Nusu ya kwanza mwili wake haujui kutulia; hata akisimama, miguu inataka kwenda. Baada ya mume kuondoka, kasi inapungua kidogo kidogo. Macho nayo, ambayo mwanzoni yanarukaruka kutoka jambo hili hadi lile, yanaanza kukaa mahali pamoja.

Je, filamu inatetea ndoa za utotoni?

Haizitetei, lakini haizishambulii pia, na mtazamaji ana haki ya kukwazika. Minoo anaolewa bila kuulizwa. Hakuna tukio ambapo filamu inamtaka Anoop aombe radhi kwa hilo. Hamu ya kijana inachukuliwa kuwa sababu ya kutosha.

Hapa historia inasaidia. Mwaka 1891, miaka miwili kabla ya Samapti kuandikwa, serikali ya Kiingereza India ilipitisha sheria iliyopandisha umri wa ridhaa ya msichana, hata ndani ya ndoa, kutoka miaka 10 hadi 12. Kilichoisukuma sheria hiyo ni kifo cha Phulmoni Dasi, mtoto wa Bengal aliyeozwa kwa mtu mzima akafa kwa majeraha aliyoyapata kwa mumewe. Calcutta iliwaka kwa mabishano. Wapo waliosema serikali inaingilia dini, wapo waliosema mtoto amekufa na dini haiwezi kutaka hilo.

Katika hali hiyo Tagore anaandika juu ya mume mwenye haki zote kwa mujibu wa desturi, anayemwomba mkewe busu moja la hiari wakati wa kuagana. Msichana anajaribu kwa dhati, anashindwa, anaangua kicheko. Na mume anamwacha. Hachukui kwa nguvu kile alichoweza kuchukua. Hadithi nzima inasubiri mpaka siku ile Calcutta, gizani, bangili zinapolia na mikono ya Mrinmayi inapomzunguka Apurba, na jambo lililoanza kwa kicheko linaisha kwa machozi. Kwa msomaji wa 1893, kumwona mume akisubiri ridhaa ya mkewe halikuwa jambo dogo.

Tagore mwenyewe hakuishi juu ya desturi hiyo. Alioa Desemba 1883, yeye akiwa na miaka 22 na biharusi akiwa na miaka kumi hivi. Jina la binti lilikuwa Bhabatarini, likabadilishwa kuwa Mrinalini. Mwaka 1901 aliwaoza binti zake wawili, Madhurilata na Renuka, na Renuka alikuwa na miaka kumi tu. Renuka alifariki 1903. Mtu anaweza kuona wazi katika hadithi kile asichoweza kukivunja nyumbani kwake, na nadhani maumivu ya hadithi za Tagore kuhusu wake wadogo yanatoka humo.

Sheria iliyoweka umri wa kuoa ilikuja 1929, ikaanza kutumika Aprili 1930: miaka 14 kwa msichana, 18 kwa mvulana. Umri wa wasichana ukapandishwa hadi 15 mwaka 1949, na mwaka 1978 ukawa 18 kwa wasichana na 21 kwa wavulana. Uphaar ilitoka 1971, kwa hiyo hata watazamaji wake wa kwanza waliishi katika nchi ambayo sheria iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa.

Minoo ana miaka mingapi?

Anaonyeshwa kuwa binti anayetoka utotoni. Jaya Bhaduri aliyeigiza sehemu hiyo alizaliwa Aprili 1948, kwa hiyo alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu. Umbo lake dogo na sauti yake vilimsaidia, na mwaka huo huo aliigiza msichana wa shule katika Guddi.

Jaya Bhaduri alikuwa nani wakati huo? Ndiye Jaya Bachchan?

Ndiye. Aliolewa na Amitabh Bachchan tarehe 3 Juni 1973, na wengi wa kizazi cha sasa wanamjua kama mama wa Abhishek, au kama mama anayengoja mlangoni katika Kabhi Khushi Kabhie Gham (2001). Mwaka 1971 alikuwa msichana mpya kabisa katika filamu za Kihindi.

Lakini hakuwa mgeni wa kamera. Alizaliwa Jabalpur katika familia ya Kibengali, baba yake mwandishi wa habari, na akiwa bado mwanafunzi alipata sehemu ndogo katika Mahanagar (1963) ya mwongozaji wa Kibengali, Satyajit Ray. Baadaye alisomea uigizaji katika chuo cha filamu cha Pune, akahitimu kwa medali ya dhahabu. Mwongozaji Hrishikesh Mukherjee akamchukua kwa Guddi, na Uphaar ikafuata mwaka ule ule.

Kumbuka ulikuwa wakati gani. Bombay, mji wa filamu za Kihindi, ilikuwa chini ya mwigizaji Rajesh Khanna. Mashujaa wa kike walitakiwa kuwa warembo wa kumetameta, wenye nywele zilizojengwa na rangi machoni. Jaya alikuja na uso karibu usio na vipodozi, sari ya pamba, na sura ya binti ambaye ungemkuta kwenye duka la jirani. Watu walimwamini. Kuna wanaosema kazi yake bora ni Abhimaan (1973) au Kora Kagaz (1974), na sitabishana nao sana, ila kwa furaha ya mwili, kwa kule kukimbia na kuruka bila kujionea haya, Uphaar haina mpinzani.

Stelingi ni nani? Mbona hafahamiki?

Ni Swaroop Dutt, mwigizaji wa Kolkata, ndiyo Calcutta kwa jina la leo. Kule alikuwa na jina, hasa baada ya Apanjan (1968) ya Tapan Sinha. Katika filamu za Kihindi hakukaa. Alifariki mwaka 2019. Wapo wanaosema amepooza mbele ya Jaya. Ni kweli hamfikii, lakini Anoop hakuandikwa awe wa kung'ara. Mume mwenye makeke angeiharibu hadithi, kwa sababu kazi yake kubwa ni kusubiri.

Mama mkwe ni mbaya?

Hapana, na hii ni moja ya sababu naipenda filamu hii. Tumezoea mama mkwe wa filamu za Kihindi: sauti kali, funguo kiunoni, sumu kwenye kikombe cha chai. Mama wa Anoop ni mjane mwenye mtoto wa kiume aliyesoma, na kijiji kizima kinamtazama. Ameshatoa neno kwa familia nyingine, mwanawe amemwaibisha, na sasa analetewa mkwe asiyejua hata kufunika kichwa. Hasira yake ina asili.

Anaigizwa na Kamini Kaushal. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa shujaa mkubwa wa kike: alikuwa katika Neecha Nagar, iliyopata tuzo kuu kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1946, na alishinda Filmfare, tuzo ya filamu za Kihindi, kwa Biraj Bahu, hadithi ya mke wa kijijini wa Bengal. Kwa hiyo anapomtazama Minoo, mtazamaji wa India wa 1971 alikuwa anamwona biharusi wa jana akimpokea biharusi wa leo. Katika hadithi ya Tagore mapatano yao ni mafupi mno: msichana anarudi kwa hiari yake, anainama miguuni pa mavyaa, na mama huyo anamkumbatia huku akilia. Na safari ya Calcutta ni wazo la mama. Mwisho mwema unaletwa na yule aliyekuwa kikwazo.

Nani aliongoza na nani alitayarisha?

Mwongozaji ni Sudhendu Roy, na kazi yake ya asili ilikuwa kubuni mandhari ya filamu. Alitengeneza mandhari ya Madhumati (1958) ya Bimal Roy, ile ya misitu na nyumba kuukuu. Jicho hilo linaonekana katika Uphaar: baraza, ua, mti, njia ya kwenda mtoni, vyote vina kazi. Unajua Minoo akitoka mlango huu anafika wapi. Nyumba ya mume ikigeuka jela, unaijua jela yenyewe kona kwa kona. Binti yake, Sharmishta Roy, alirithi kazi hiyo na ndiye aliyebuni mandhari ya Dilwale Dulhania Le Jayenge (1995).

Watayarishaji ni Rajshri Productions, kampuni iliyoanzishwa na Tarachand Barjatya mwaka 1947. Ukisikia Rajshri, tegemea familia, adabu, chakula kinachopikwa, na mapenzi yasiyovuka mpaka. Wao ndio waliotoa Dosti (1964), na kizazi cha baadaye cha ukoo huo kikatoa Maine Pyar Kiya (1989) na Hum Aapke Hain Koun (1994).

Mbona hakuna adui wala ngumi?

Kwa sababu kinachowatenganisha wawili hawa hakiwezi kupigwa ngumi. Waliolelewa na filamu za Kihindi za ukutani, zile zenye urefu wa saa tatu, adui mwenye bunduki na polisi wanaofika mwisho, huenda nusu saa ya kwanza wataona imepoa. Vumilia. Ikifika pale mlango unapofungwa kwa nje, utajikuta hutaki kuinuka.

Nyimbo zake ni zipi?

Muziki ni wa Laxmikant na Pyarelal, mashairi ya Anand Bakshi. Wawili hao wa muziki walikuwa na uhusiano wa zamani na Rajshri, maana Dosti ndiyo iliyowapa tuzo yao ya kwanza ya Filmfare.

Wimbo unaosikika zaidi hadi leo ni "Main Ek Raja Hoon", ulioimbwa na Mohammed Rafi. Wa Mukesh, "Maajhi Naiya Dhoondhe Kinara", ndio ninaourudia. Unamhusu baharia wa mtoni na mashua inayotafuta ufuko, na sauti ya Mukesh, iliyokuwa na huzuni hata akiimba jambo la furaha, inakaa vizuri juu ya maji. Yupo pia Lata Mangeshkar na "Sooni Re Nagariya", wimbo wa mji uliobaki ukiwa.

Wapenzi wa taarabu watausikiliza wimbo wa Mukesh kwa sikio la pekee. Pwani yetu imezoea kuchukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavisha mashairi ya Kiswahili, na Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kubwa kwa njia hiyo.

Ni kweli ilipelekwa Oscar?

Ni kweli. India iliichagua kuiwakilisha kwenye tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Haikuingia kwenye tano za mwisho. Mwaka uliofuata India ikamchagua tena Sudhendu Roy, kwa Saudagar (1973), Nutan na Amitabh Bachchan wakiwa ndani. Mwongozaji ambaye leo hatajwi sana alipewa bendera ya nchi miaka miwili mfululizo.

Satyajit Ray si ndiye aliyeitengeneza hadithi hii?

Aliitengeneza kwa Kibengali, miaka kumi kabla. Mwaka 1961, Tagore alipotimiza miaka mia tangu kuzaliwa, Ray alitoa Teen Kanya, filamu moja yenye hadithi tatu za Tagore, na ya mwisho ni Samapti. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Ray alijitungia muziki mwenyewe. Soumitra Chatterjee ndiye kijana, na msichana ni Aparna Sen, aliyekuwa bado mwanafunzi na hajawahi kuigiza kabla ya hapo.

Ray alimwongezea msichana kindi wa kufuga, na usiku wa harusi anamwonyesha akitoroka na kwenda kwenye bembea yake kando ya mto. Kindi anapokufa na msichana akawa hana tena hamu naye, umeelewa kila kitu. Ni kazi fupi, kavu, yenye ucheshi mwembamba. Uphaar ina nyimbo, machozi mengi zaidi na nafasi kubwa zaidi kwa mama. Wajuzi wengi humweka Ray juu, na kwa ufundi siwapingi. Lakini katika Uphaar unakaa na Minoo muda mrefu zaidi, na mabadiliko yake yanapata nafasi ya kupumua.

Ni ile ile Balika Badhu?

Hapana, ingawa zinachanganywa mno. Balika Badhu ya Kihindi ilitoka 1976, imeongozwa na Tarun Majumdar, wakiigiza Sachin na Rajni Sharma. Msingi wake ni kitabu cha Bimal Kar, na Majumdar huyo huyo alikuwa ameshaitengeneza kwa Kibengali mwaka 1967, filamu iliyomtoa Moushumi Chatterjee. Humo bwana harusi naye ni kijana mdogo wa shule, na wote wawili wanakua pamoja. Ina wimbo wa "Bade Achhe Lagte Hain", uliompa jina Amit Kumar, mtoto wa Kishore Kumar.

Tamthilia ya Balika Vadhu iliyoanza 2008 ni jambo lingine kabisa. Iko Rajasthan, na imekusudia wazi kuonyesha madhara ya kuoza watoto.

Asiyejua Kihindi ataielewa?

Hadithi ataielewa. Yenye maandishi ya tafsiri ya Kiingereza inapatikana, kwani Rajshri wameweka filamu zao nyingi za zamani kwenye chaneli yao ya YouTube. Jambo moja la kujua kabla: katika sehemu nyingi za India biharusi anapoingia ukweni hutarajiwa kufunika kichwa mbele ya wakubwa, kugusa miguu yao, na kutomtaja mumewe kwa jina. Mtu asiyejua hilo hataona ukubwa wa makosa ya Minoo. Akikimbia uani kichwa wazi, kwa macho ya kijiji amevunja mambo matatu kwa mpigo.

Naweza kuitazama na watoto?

Hakuna damu, hakuna matusi, hakuna uchi. Kuna msichana anayefungiwa chumbani, na mtoto mdogo anaweza kuogopa. Mabinti wa sekondari watakuwa na maswali, na ni vizuri awepo mtu mzima wa kuyajibu, hasa lile la kwa nini hakuna aliyemuuliza Minoo kabla ya harusi.

Nianze na ipi kati ya hizi zote?

Anza na Uphaar, ukiwa na jioni nzima mbele yako. Kisha Samapti ya Ray, ambayo ni fupi zaidi. Hadithi ya Tagore isome ya mwisho. Utakuwa unazijua sura za watu, na ile safari ya usiku kwenda kwa baba itakukuta umeshampenda Minoo. Ukitaka zaidi ya mkono wa Sudhendu Roy, tafuta Saudagar, uone Nutan akipika sukari guru ya mtende na jinsi mwanamume anavyoweza kuoa kwa hesabu ya biashara.